Mjomba na Njia Isiyo na Gari

Nilimwambia kila mtu kwamba ile safari ya baiskeli ilikuwa zawadi ya mjomba ya kustaafu. Niliwaambia wenzangu kazini, nikawaambia wanawake wa msikitini, nikamwambia na mjomba mwenyewe. Haikuwa zawadi. Ilikuwa hila. Mjomba alikuwa ameshatangaza kwamba akimaliza kazi atarudi Unguja akakae moja kwa moja, na mimi nilitaka asirudi. Kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kumwambia hivyo kwa mdomo wangu, nikamkatia tikiti ya meli ya kwenda Ufaransa.

Najua haieleweki. Hata mimi ilinichukua muda kuelewa nilikuwa nafikiri nini, na sina hakika kama nimeshaelewa.

Mjomba ni kaka wa marehemu mama yangu. Aliondoka Unguja bado kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi, na habari ya kuondoka kwake huieleza kwa sentensi moja tu, kwamba aliondoka kwa sababu wenzake wote walikuwa wanaondoka. Mimi nililetwa London nina miaka minne. Mama alipofariki nilikuwa na kumi. Mjomba akaja na teksi, akabeba masanduku yangu mawili, nikahamia kwenye flati yake ya ghorofa ya tano, Barking. Alikuwa hajaoa na hakuoa baadaye. Alifanya kazi jikoni mwa hospitali, akipika uji kwenye masufuria ambayo mtoto angeweza kuoga ndani yake, na huko Unguja, Fuoni, alikuwa akijenga nyumba, chumba kimoja kila baada ya miaka kadhaa. Nyumba hiyo sasa ilikuwa na paa. Paa ndilo lililonitia hofu. Nyumba isiyo na paa mtu anaweza kuizungumzia tu maisha yake yote.

Mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya skuli, napanga ratiba za madarasa. Ni kazi inayonifaa, kwa sababu siwezi kulala kama najua kuna walimu wawili wamepangiwa chumba kimoja kwa saa ileile. Chuo nilikiacha baada ya mwaka mmoja. Nilipata alama sabini na moja kwenye mtihani, nikaona nimefeli. Tangu hapo vyote ninavyovijua nimejifundisha mwenyewe: kuandika Kiswahili, kuziba mfereji wa jikoni unaovuja, Kifaransa cha kuombea maji na njia, na kuendesha baiskeli, ambayo nilijifundisha nikiwa na miaka ishirini na mbili, kwa video, kwenye ujia wa nyuma ya majengo yetu, huku watoto wa ghorofa ya pili wakinihesabia mara ninazoanguka.

Wazo lilikuja siku moja tunakula. Kwenye televisheni kulikuwa na mashindano ya baiskeli ya Ufaransa. Mjomba hakuwa akiwaangalia wale waendeshaji, alikuwa akiangalia mashamba yaliyokuwa yakipita nyuma yao. Akasema kwamba alipokuwa kijana alikuwa na baiskeli, akiondoka nayo mjini mpaka Bububu na kurudi, na kwamba angependa kupanda tena kabla magoti hayajamkatalia.

"Lakini si hapa," akasema. "Hapa magari yatanifanya chapati. Nataka pahala pasipo na gari hata moja."

Alisema hivyo akaendelea na wali wake. Mimi nilikuwa nimeshasimama kutafuta kalamu.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Mjomba anataka kurudi kwa sababu anadhani maisha mazuri yako kule tu. Nikimwonyesha kwamba hata huku, kwa saa chache za meli, kuna mahali pa kijani na kimya ambapo mtu anaweza kupanda baiskeli bila kuogopa kufa, ataona kwamba hana haja ya kwenda mbali. Kisha, akiwa amechoka vizuri na ameshiba, nitamwomba abaki. Niliamini jambo likipangwa vizuri kabisa haliwezi kukataliwa.

Njia niliipata baada ya wiki tatu za kutafuta. Inaanzia karibu na Dieppe na kuingia bara, kilomita arobaini na tano. Zamani ilikuwa reli. Walizing'oa reli, wakamwaga lami, wakapiga marufuku magari. Kwa kuwa ilijengwa kwa ajili ya treni, haina milima. Mwisho wake ni mji mdogo wenye ziwa, na kando ya ziwa kuna mabenchi. Nilichagua benchi kwa picha. Tungefika hapo saa tisa na robo, siku ya pili ya safari. Sentensi yenyewe ya kumwomba abaki niliiandika mara saba, na ile ya saba nikaihifadhi kichwani.

Mazoezi tuliyafanya Jumapili asubuhi, kwenye kiwanja cha kuegeshea magari cha duka kubwa, kabla duka halijafunguliwa. Mjomba alivaa kofia yake iliyoshonwa kwa mkono, juu yake akavaa helmeti. Nilimweleza kwamba maelekezo ya helmeti yanasema isivaliwe juu ya kofia nyingine. Akasema walioandika maelekezo hawakuwa na kofia. Akapanda. Nilikuwa nimejiandaa kumshika, lakini hakuhitaji kushikwa. Alikaa wima kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha sebuleni, akazunguka kile kiwanja kitupu bila kusimama, mara kumi, mara ishirini. Nikampima kwa saa. Kilomita kumi na tatu kwa saa. Kwenye daftari nikaandika kumi na mbili, kwa tahadhari.

Daftari hilo lazima nilitaje, ingawa naona haya. Mbali na ratiba, lilikuwa na kurasa mbili zinazotazamana. Juu ya mmoja niliandika Kukaa, juu ya mwingine Kwenda. Kila mjomba aliposema neno ambalo lingeweza kuwa dalili, nililiandika upande wake. Alipolalamikia lifti iliyoharibika, Kwenda. Alipomsifu daktari wetu, Kukaa. Baada ya mwezi mmoja nililazimika kufungua ukurasa wa tatu, usio na jina, kwa maneno ambayo sikujua niyaweke wapi. Ukurasa huo ndio uliojaa haraka.

Tulipanda treni mpaka Newhaven, tukaingia melini na baiskeli zetu. Mizigo nilikuwa nimeipima kwa mizani, kilo sita kila mtu. Melini niliona begi la mjomba limevimba. Nikalifungua. Kulikuwa na tende, si chini ya kilo mbili, na mfuko wa visheti vya sukari.

"Huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu," akasema.

"Mjomba, hatuendi kwa mtu. Tunakwenda njiani."

"Njia haina watu?"

Nilicheka, nikadhani ananitania. Tulilala Dieppe, na asubuhi saa mbili kamili tulikuwa mwanzo wa njia, kama ilivyoandikwa.

Ilikuwa nzuri kuliko picha. Ilinyooka mbele yetu kama iliyopigwa rula. Upande mmoja mitufaa, upande mwingine madimbwi makubwa yaliyochimbwa zamani watu walipokuwa wakitoa kokoto, sasa yamejaa maji na bata. Miti ilikutana juu ya vichwa vyetu. Kila mahali reli ilipokatana na barabara ya shamba kulikuwa na kijumba cha matofali, alimokuwa akikaa mtu wa kufunga geti. Hakukuwa na injini inayosikika popote. Nilisikia minyororo yetu na pumzi za mjomba, na kwa dakika kumi na moja nilikuwa na furaha kamili. Najua ni kumi na moja kwa sababu niliangalia saa.

Kisha tukamkaribia mvuvi wa kwanza. Mzee mwenye kiti cha kukunja, amekaa kando ya njia, fimbo yake juu ya maji. Mimi nikampita. Nyuma yangu nikasikia breki. Nilipogeuka mjomba ameshashuka, anaikokota baiskeli kwa mkono mmoja, mkono wa pili uko kifuani. Nikadhani mnyororo umetoka. Nikarudi mbio na kifaa changu.

"Bonzhuu," mjomba alikuwa akimwambia yule mzee, na hapo Kifaransa chake kikaisha, akaendelea kwa chetu. "Habari za asubuhi, mzee wangu? Wanakula leo, au wanakuchezea?"

Mvuvi akajibu kitu kirefu. Mjomba akatikisa kichwa kama anayesikitika naye, akatoa tende tatu, akampa. Wakaangaliana wakati mvuvi akila. Kisha mjomba akaaga, akaikokota baiskeli hatua kama kumi hivi, na hapo ndipo akapanda.

Nilimuuliza baiskeli ina nini. Haina kitu, akasema. Nikamuuliza basi ameshukia nini. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, kama niliyemuuliza kwa nini amevaa suruali.

"Mtu mzima yule amekaa. Nimpite juu ya magurudumu?"

Ndipo akanieleza, huku tukienda, kwamba kwao mtu akiwa juu ya baiskeli akakuta wazee wamekaa barazani, hushuka, akaikokota mpaka awapite, akawaamkia. Kijana aliyepita bila kushuka, habari zilifika kwao kabla yeye hajafika, na babake alikuwa akimsubiri mlangoni. Nikamwambia kwamba huku watu hawaijui desturi hiyo, hakuna atakayeudhika.

"Wao hawajui," akasema. "Mie najua."

Nikawa nahesabu kichwani. Dakika sita kwa mvuvi mmoja. Mbele nilikuwa nawaona wengine wanne. Kile kiwanja cha mazoezi kilikuwa kitupu, na kwa sababu hiyo sikuwahi kumwona mjomba akiendesha baiskeli mbele ya mtu. Nilitafuta wiki tatu njia isiyo na gari, na sikufikiria hata siku moja kwamba mahali pasipo na gari ndipo watu hukaa.

Kwa mvuvi wa tatu nilijaribu hoja nyingine.

"Mjomba, huyu ni mdogo kwako. Hajafika hata hamsini."

"Hawa siwezi kuwakisia. Jua limewachoma, mvinyo umewachoma. Mmoja ana arobaini kama sabini, mwengine sabini kama arobaini. Bora nishuke kwa wote nisikosee."

Akashuka kwa wote. Akashuka kwa wanawake wawili waliokuwa wakitembeza mbwa, ingawa mbwa anawaogopa. Akashuka kwa mwanamume aliyekuwa akikata nyasi, na yule akazima mashine yake, wakaangalia nyasi pamoja. Kwenye bustani moja akashuka kwa mzee mwenye kofia pana aliyesimama kati ya maharage, akamwamkia mara mbili, na aliposogea akaona ni sanamu ya kufukuzia ndege. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Mimi nilikuwa nimesimama na daftari, sijui hilo niliandike wapi.

Saa sita mchana tulikuwa tumekwenda kilomita kumi na moja. Kwenye daftari, pamoja na mapumziko yote, tulipaswa kuwa ishirini na nane. Nikafanya jambo ambalo mpaka leo linaniuma: nilimdanganya. Nilisema mwenye nyumba ya kulala kule mwisho anafunga mlango saa tisa, na tukichelewa hatutapata chumba. Mjomba akasema basi twende haraka. Akakazana kweli, akainama mpaka nikaanza kuona haya, tukaenda kilomita mbili nzima. Halafu kulikuwa na bibi kwenye benchi, akashuka.

Nilikanyaga pedeli nikamwacha. Sikuwa nimepanga kumwacha, miguu yangu tu ilikwenda, na kadiri nilivyokwenda ndivyo hasira ilivyoniambia niendelee. Nililia huku naendesha, jambo ambalo halipo kwenye video yoyote ya mafunzo. Nilipofika kwenye kituo cha treni cha zamani, jengo dogo la matofali mekundu ambalo sasa ni nyumba ya mtu, nikasimama. Hapo palikuwa kilomita ya kumi na tano. Nikakaa kwenye ukingo wa jukwaa ambalo zamani abiria walikuwa wakisubiri, nikaangalia kule nilikotoka.

Nilikaa karibu saa mbili. Nilimfikiria ameanguka kwenye dimbwi. Nikamfikiria amekaa ameniudhikia, anaikumbuka nyumba yake yenye paa. Nikaja nikafikiri, na hili ndilo lililonichanganya kuliko yote, kwamba katika miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumwona na mkono kifuani namna ile, akizungumza na mtu asiyemjua. Barking alipita njiani macho chini. Nilikuwa nikidhani ni tabia yake.

Alitokea anatembea. Baiskeli anaikokota, helmeti ameigeuza kapu, imejaa nyanya, na kando yake anatembea yule bibi wa benchi, taratibu, na fimbo. Walikuwa wakizungumza. Bibi anasema chake, mjomba anasema chetu, wanapokezana bila kukatizana.

"Huyu ndiye mwenye nyumba hii," mjomba akaniambia, akinyoosha kidole kwenye kituo. "Ana vyumba juu, vya wageni. Mumewe ndiye aliyekuwa akipunga bendera hapa. Amekufa, maskini."

Nilimgeukia bibi nikamuuliza, kwa Kifaransa nilichokisoma miezi sita, ikiwa ni kweli ana vyumba. Akanijibu kwa kasi, sikushika hata neno moja. Mjomba akasubiri, kisha akasema, "Anasema vipo viwili, na supu haina nguruwe." Nikamuuliza amejuaje. Akasema ameonyesha kwa mkono, na mimi nilikuwa nikiangalia mdomo wake tu.

Hakuniuliza kwa nini nilimwacha. Hakutaja mwenye nyumba anayefunga saa tisa. Nilikuwa nimejitayarisha kuomba msamaha na nikakosa pa kuuanzia. Aliosha miguu, akaswali alasiri kwenye majani ya jukwaa, akaja akakaa karibu yangu. Ng'ombe walikuwa wamelala shambani mbele yetu, weupe wenye madoa. Aliwaangalia kwa muda mrefu.

"Ng'ombe wa huku wana nafasi," akasema.

Niliiandika kwenye ukurasa wa tatu. Kisha nikakaa nikiitazama. Alikuwa anasifu? Anajifananisha nao? Anawaonea huruma? Nilitaka kumuuliza na nikaogopa kwamba atanijibu.

Asubuhi nilipiga hesabu upya mezani kwa bibi. Zilibaki kilomita thelathini kufika ziwani, na kutoka ziwani kurudi bandarini zote arobaini na tano, na meli ilikuwa inaondoka saa kumi alasiri. Kwa mwendo wa mjomba haiwezekani. Hata kwa mwendo wangu haiwezekani. Nilizipiga tena, kama vile kilomita zingejionea aibu zikapungua. Nikatoka nje kumwambia mjomba kwamba lazima turudi, na nikamkuta kwenye jukwaa na kikombe cha kahawa, na badala ya kumwambia habari ya kurudi, nikamuuliza lile jingine. Sentensi ya saba ilikuwa na mwanzo, katikati na mwisho. Iliyotoka haikuwa hiyo.

"Mjomba, unakwenda au unabaki?"

Hakujifanya kutoelewa. Alikiweka kikombe chini.

"Mpaka juzi nilikuwa sijui," akasema. "Nikisema nakwenda, ndani yangu nasema nabaki. Nitamwacha na nani huyu mtoto? Nilikuwa nasema tu, ili nisikie mwenyewe inasikikaje. Halafu jana." Akaonyesha njia, ile sehemu tuliyotoka. "Jana nimeshuka, watu wakaniitikia. Basi. Nilikuwa nimesahau kuwa mie ni mtu wa namna hii. Nilidhani nimezeeka, kumbe nimenyamaza."

Kwa hiyo kabla ya safari alikuwa hajaamua. Kwa hiyo kama ningemwacha akae na wali wake na televisheni, huenda angebaki. Mimi ndiye niliyetafuta njia, niliyekata tikiti, niliyempima mwendo, niliyemleta mpaka kwenye miguu ya wale wavuvi.

"Sasa sikiliza," akasema. "Nilikuchukua una miaka kumi. Ukiniambia nikae, nitakaa. Si kwa kinyongo, nitakaa vizuri, na maneno haya hutayasikia tena. Ile nyumba nitampa mtu akae. Lakini useme wewe. Mie siwezi kuyasema yote mawili."

Ninachotaka kukieleza sasa sijui kukieleza, na nimeyaandika mistari hii mara nyingi kuliko ile sentensi. Nilikuwa nimepewa nilichokitaka. Kilikuwa mbele yangu, hakikuhitaji benchi wala ziwa. Neno moja tu. Nilifungua mdomo kusema kaa, na kwa kweli nilisikia umbo lake kwenye ulimi.

"Nenda, mjomba," nikasema.

Aliniangalia. Nadhani alikuwa akisubiri nimalizie, kama vile lile lilikuwa nusu ya sentensi. Hata mimi nilikuwa nikisubiri.

"Umesema kweli, au umesema tu?"

"Sijui."

"Haya," akasema. Akainuka, akaanza kulifunga begi lake nyuma ya baiskeli, kamba akaipitisha sipo, akaifungua, akaipitisha tena. Mimi nilikuwa nimeanza kulia. Bibi akatokea mlangoni na mkate uliofungwa kwenye kitambaa. "Futa uso," mjomba akaninong'oneza. "Bibi wa watu atadhani nimekupiga."

Tulirudi. Wavuvi walikuwa palepale, na mjomba sasa alikuwa na marafiki, kwa hiyo kila mmoja alichukua muda zaidi kuliko jana. Tende zilikwisha, akagawa visheti. Tulifika bandarini na nusu saa mkononi, jambo ambalo kwangu kwa kawaida ni sawa na kuchelewa.

Aliondoka London mwezi wa Novemba. Kwenye harusi, pale ukumbini Ilford, wanawake hunisogelea na sahani zao wakaniuliza ilikuwaje nikamwacha mzee aende peke yake, mtu aliyenilea. Mmoja nilimwambia baridi ilikuwa ikimwumiza magoti. Mwingine nilimwambia nyumba ya Fuoni isingekaa bila mwenyewe. Bibi mmoja aliyemjua mama alinishika mkono akasema nimefanya jambo la watu wazima, nikamwitikia asante, na njia nzima ya basi nilikuwa nawaza kwamba huenda nilisema nenda kwa sababu nilikuwa nimeaibika na ule uongo wa mwenye nyumba, au kwa sababu ratiba ilikuwa imeharibika na nilitaka kitu kimoja angalau kiishe. Siku nyingine naamini nilisema kwa kumpenda. Inategemea nimeamka vipi.

Ninachokikumbuka zaidi ni zile saa nne za meli. Tulikaa karibu na dirisha. Mjomba alilala karibu mara moja, kofia imemteremka mpaka kwenye nyusi, mikono imechomwa na jua. Nilikuwa na saa nne za kuyarudisha maneno yangu. Nilijua hatakasirika, angesema tu haya, kama alivyosema asubuhi, na ingekuwa imekwisha. Kila baada ya muda nilijiambia akiamka nitasema. Niliyapanga, nikayapangua. Niliona nisiseme kaa, niseme ngoja kwanza. Halafu nikaona ngoja ni uoga, kaa ndiyo yenyewe.

Aliamka tulipokuwa tunaukaribia mwambao, ile miamba myeupe imeshatokea. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Akalifuta dirisha kwa mkono wa shati, akachungulia, macho bado ya usingizi.

"Pale ndo kwetu pale?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Akainuka akaenda kuitafuta baiskeli yake kabla watu hawajajazana.